Mapambo ya Ukuta katika Msikiti na Makaburi ya Tongoni, Tanga: Vishimo vya Bakuli kama Ushahidi wa Kihistoria

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya msikiti wa kale wa Tongoni, katika pwani ya Tanga, pamoja na makaburi yanayouzunguka, kwa kuzingatia mapambo ya kuta zake. Mapambo hayo hayakuwa picha za rangi, bali yalikuwa bakuli za kauri zilizopachikwa katika lipu ya chokaa. Karibu bakuli zote zimekwisha kung'olewa, na kilichobaki ni vishimo vya mviringo. Hoja kuu ya makala ni kwamba historia ya Tongoni imeegemezwa mno kwenye kipande kimoja cha kigae chenye maandishi ya Kifarsi, ilhali vishimo vingi vilivyobaki ukutani, ambavyo ndivyo ushahidi mpana zaidi, vimechukuliwa kuwa uharibifu tu. Makala yanaonesha kwamba vishimo hivyo vinaweza kusomwa, na kwamba ukarabati usiovizingatia unaweza kufuta sehemu ya historia ya mji huo.

1.0 Utangulizi

Katika nchi nyingi, nyumba ya ibada ya kijiji ndiyo jengo lililodumu kuliko yote, na kuta zake ndizo kitabu cha historia ya watu wasioacha vitabu. Makanisa ya vijijini ya Ulaya ya zama za kati yalichorwa picha za watakatifu, za mateso na za Siku ya Hukumu. Wanahistoria wamezitumia picha hizo kujua waumini walihofia nini, walitumaini nini na nani aliyelipa gharama ya kazi hiyo. Katika pwani ya Afrika Mashariki, msikiti wa zama hizo hizo haukuchorwa viumbe, kwa kuwa mila ya Kiislamu ya ibada haikuliruhusu jambo hilo. Hata hivyo, kuta za pwani hazikuachwa tupu. Zilipambwa kwa matumbawe yaliyochongwa, kwa maandishi ya Kiarabu, na kwa bakuli za kauri kutoka China na nchi za Kiislamu za Asia.

Tongoni, iliyo kiasi cha kilomita 17 kusini mwa mji wa Tanga katika njia ya kuelekea Pangani, ni mahali panapofaa kwa uchunguzi wa mapambo hayo. Hapo pana magofu ya msikiti mmoja na makaburi yapatayo 40. Ndani ya idadi hiyo mna kundi kubwa la makaburi ya nguzo, yaani makaburi yaliyojengewa mnara mwembamba wa mawe upande mmoja wa ua wa kaburi. Nguzo nyingi zimekwisha kuanguka, lakini kuta za nyua bado zinaonekana, na juu yake mna vishimo ambamo bakuli zilikaa.

Swali linaloongoza makala haya ni hili: je, ukuta ulioporwa mapambo yake bado unaweza kutoa ushahidi wa kihistoria? Jibu linalotetewa hapa ni ndiyo, kwa sharti kwamba kishimo kisomwe kwa makini kama inavyosomwa hati.

2.0 Usuli wa Kihistoria: Kutoka Mtang'ata hadi Tongoni

Jina la mahali lenyewe ni ushahidi wa kwanza. Katika Kiswahili, tongo ni mahali palipokaliwa na watu kisha pakahamwa, sawa na mahame. Tongoni kwa hiyo ni jina lililotolewa na watu waliokuja baadaye, waliokuta kuta bila wenyewe. Haliwezi kuwa jina ambalo wajenzi waliuita mji wao. Jina la kale la eneo hilo ni Mtang'ata, na limedumu hadi leo katika jina la lahaja ya Kimtang'ata inayozungumzwa katika pwani hiyo.

Msikiti na makaburi ya Tongoni kwa kawaida huwekwa katika karne ya 14 na ya 15. Huo ulikuwa wakati wa ustawi wa miji ya mawe ya pwani, kuanzia Mogadishu hadi Kilwa. Tongoni haikuwa peke yake katika pwani ya Tanga. Magofu mengine yapo katika Kisiwa cha Toten ndani ya bandari ya Tanga, na Muhembo karibu na Pangani. Ujenzi wa misikiti ya mawe katika ukanda mpana zaidi ulikuwa umekwisha kuanza karne kadhaa kabla. Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Waashi wa Mtang'ata, kwa hiyo, walirithi ufundi uliokomaa.

Habari za kimaandishi kuhusu Mtang'ata zinaanza na Wareno. Mwezi Aprili 1498, msafara wa Vasco da Gama ulipokuwa ukielekea Mombasa, merikebu ya São Rafael ilikwama mwambani mbele ya pwani hiyo. Mabaharia waliiona safu ya milima ya bara, yaani milima ya Usambara, wakaipa jina la merikebu yao. Merikebu ilinasuliwa maji yalipojaa. Mwezi Januari 1499, katika safari ya kurejea, mabaharia waliobaki walikuwa wachache mno kuweza kuendesha merikebu zote, na São Rafael ikachomwa moto hapo hapo. Shajara ya safari hiyo inakitaja kijiji cha karibu kiitwacho Tamugata, ambacho watu wake walileta kuku kwa ajili ya kubadilishana bidhaa. Tamugata ni matamshi ya Kireno ya jina Mtang'ata.

Ushahidi huu ni wa thamani kubwa, lakini mipaka yake yafaa kutajwa. Mwandishi wa shajara alikuwa mgeni aliyekaa melini, mwenye wenzake wagonjwa na wenye njaa. Alichokiona ni chakula. Anayeisoma shajara hiyo peke yake ataiona Mtang'ata kama kijiji cha wauza kuku. Anayeziangalia kuta za makaburi anauona mji mwingine: mji ambao baadhi ya watu wake waliweza kuchukua bakuli za thamani zilizovuka Bahari ya Hindi, wakaziweka katika kuta za wafu wao ambako hazingetumika tena. Vyanzo vyote viwili vinasema kweli, lakini vinaziona pande mbili tofauti za mji mmoja.

3.0 Ujenzi: Matumbawe, Chokaa na Kibla

Ili mapambo yaeleweke, ni lazima ujenzi ueleweke kwanza, kwa sababu bakuli iliingizwa ukutani kama hatua mojawapo ya kazi ya uashi.

Kuta za Tongoni zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa. Pwani ilikuwa na aina mbili za mawe hayo. Aina ya kwanza ni jiwe gumu la matumbawe ya kale, lililochimbwa nchi kavu na kutumika kujaza kuta nene. Aina ya pili ni tumbawe laini lililokatwa baharini. Hilo huchongeka kwa urahisi likiwa bado bichi, kisha hukauka na kuwa gumu. Kwa hiyo lilitumika palipohitaji ufundi: kingo za milango, matao na mihirabu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo la kuni, kisha kuizima kwa maji na kuiacha ilainike kabla ya kutumiwa. Paa la chokaa na mawe lilibebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti ya mkoko haiwezi kuvuka nafasi pana bila kupinda, vyumba vilikuwa vyembamba, na msikiti uliotakiwa kuwa mpana ulihitaji nguzo ndani yake.

Mpangilio wa msikiti ulitawaliwa na kibla. Tanga na Makka zimekaribiana sana katika longitudo, na kwa hiyo kibla ya pwani hii huelekea kaskazini, karibu kaskazini kamili. Mihirabu hujengwa katika ukuta wa kaskazini, na makaburi nayo hufuata mwelekeo unaomwezesha maiti kulazwa kwa ubavu akielekea upande huo huo. Msikiti na makaburi ya Tongoni kwa hiyo si majengo mawili yaliyokutana kwa bahati. Ni uwanja mmoja wa ibada na ukumbusho: aliyeingia kuswali alipita karibu na waliomtangulia.

Hatua ya mwisho ya ujenzi ilikuwa kupiga lipu. Hapo ndipo mapambo yalipoingia. Kuta za nyua za makaburi ziligawanywa katika paneli za mstatili zilizozama kidogo ndani ya uso wa ukuta, na fundi aliacha au kuchimba mahali pa bakuli katikati ya paneli au katika mwili wa nguzo. Bakuli ilisukumwa kwa kitako ndani ya chokaa mbichi, ikabaki na mdomo wake wazi kumwelekea mtazamaji. Chokaa ilipokauka ilishika kitako na ubavu wa bakuli, na uso wa ukuta ukasawazishwa hadi ukingoni.

4.0 Mapambo: Bakuli Ukutani na Maana Zake

4.1 Asili ya bakuli

Bakuli zilizopachikwa katika makaburi na misikiti ya pwani katika karne ya 14 na 15 zilikuwa hasa za aina mbili. Za kwanza ni kauri za Kichina, zikiwemo seladoni za kijani kutoka tanuri za Longquan na, baadaye, kauri nyeupe zenye michoro ya buluu. Za pili ni vyombo vilivyong'arishwa kutoka nchi za Kiislamu za Asia. Vyombo hivi havikuletwa vyote moja kwa moja na wafinyanzi au wafanyabiashara wa nchi vilikotengenezwa. Vilipita mikononi mwa wafanyabiashara wengi, kutoka bandari hadi bandari, vikibebwa na pepo za musimu. Mwaka 1955, Mortimer Wheeler, mwanaakiolojia wa Uingereza, alipoizuru pwani ya Tanganyika alistaajabishwa na wingi wa vipande vya kauri za Kichina vilivyotapakaa mahali pa kale, na akasisitiza umuhimu wake katika kupanga tarehe za historia ya pwani. Tangu hapo kauri imekuwa kalenda ya mwanaakiolojia wa pwani.

Kalenda hiyo, hata hivyo, inahitaji tahadhari. Bakuli iliyotengenezwa China mwaka fulani huonesha tu kwamba kaburi halikujengwa kabla ya mwaka huo. Haioneshi lilijengwa lini baada yake. Chombo cha thamani kinaweza kukaa katika nyumba moja vizazi viwili au vitatu, kikirithiwa, kabla ya kupelekwa kaburini.

4.2 Tafsiri za maana

Kwa nini mtu atoe chombo cha thamani akakizike katika chokaa? Tafsiri zilizotolewa ni tatu, na hazipingani.

Tafsiri ya kwanza ni ya hadhi. Bakuli ukutani ilitangaza kwamba ukoo wa marehemu ulikuwa na mikono mirefu, iliyofika hadi ng'ambo ya bahari. Tofauti na bakuli ya mezani, hii ilionwa na kila mpita njia, na ilidumu baada ya sherehe kwisha.

Tafsiri ya pili ni ya kinga. Linda Donley-Reid, aliyechunguza nyumba za mawe za Lamu, alionesha kwamba kauri zilizopangwa katika zidaka za vyumba vya ndani zilihusishwa na ulinzi dhidi ya husuda na madhara yasiyoonekana. Vyumba hivyo ndivyo vilivyokuwa mahali pa kuzaliwa na pa kuoshea maiti. Ikiwa bakuli ililinda mipaka ya uhai ndani ya nyumba, si ajabu kwamba ililinda pia ukuta wa kaburi, ambao nao ni mpaka.

Tafsiri ya tatu ni ya mwanga. Lipu nyeupe iliyosuguliwa na kauri yenye ng'aro hurudisha mwanga wa jua. Kaburi au mihirabu iliyopambwa hivyo ilionekana tofauti na kila kitu kilichoizunguka, hasa asubuhi na jioni jua linapolala. Katika utamaduni wa kidini ambamo nuru ni ishara ya uongofu, mng'ao huo haukuwa urembo mtupu.

Jambo ambalo tafsiri zote tatu zinalikubali ni kwamba mapambo haya yalikusudiwa. Mahali pa bakuli palipangwa kabla lipu haijakauka. Mwenye kaburi au ndugu zake walilazimika kuitenga bakuli mapema na kuikabidhi kwa fundi. Kila kishimo, kwa hiyo, ni alama ya uamuzi: mtu fulani, siku fulani, aliamua kwamba chombo hiki kitoke nyumbani na kisirudi.

4.3 Namna ya kukisoma kishimo

Kishimo kilichoachwa na bakuli si utupu. Chokaa iliyokuwa mbichi ilichukua umbo la kilichosukumwa ndani yake. Upana wa kishimo unaonesha upana wa mdomo wa bakuli, kina chake kinaonesha urefu wake, na alama ya mviringo katika sakafu ya kishimo ni nakala ya ukingo wa kitako. Wanaozifahamu kauri wanajua kwamba vitako hutofautiana kwa aina, upana na mkato. Kwa njia hiyo, familia ya chombo inaweza kukadiriwa hata kama chombo chenyewe hakipo. Pale ambapo kipande cha ubavu kimebaki ndani ya chokaa, ukadiriaji huo unaweza kuthibitishwa.

Kishimo kinaeleza pia namna bakuli ilivyotoka. Alama safi ya kitako, isiyo na makovu pembeni, inaashiria bakuli iliyoachia yenyewe baada ya chokaa kulegea. Makovu ya patasi kuuzunguka ukingo yanaashiria mkono wa mtu aliyetaka kuichukua nzima. Vipande vilivyobaki vimeshikamana na chokaa vinaashiria bakuli iliyovunjika ikiwa bado mahali pake. Mpangilio wa vishimo nao una habari zake: idadi yake kwa kila kaburi, ulinganifu wake katika paneli, na upande wa ukuta uliopewa bakuli nyingi zaidi. Hizo ni data ambazo bakuli iliyo kabatini haiwezi kuzitoa.

5.0 Kigae cha Kifarsi na Swali la Wajenzi

Mwanzoni mwa mwaka 1857, Richard Burton na John Speke walipita Tongoni katika safari yao ya pwani kutoka Mombasa kwenda Pangani. Burton aliyaeleza magofu hayo na akataja kipande cha kigae kilichong'arishwa kilichokuwa katika kaburi mojawapo, chenye maneno ya Kifarsi ambayo maana yake ni jua ling'aalo. Kigae hicho hakipo tena kaburini. Kimebaki katika maandishi, na ndani ya maandishi hayo kimekuwa na maisha marefu kuliko ukuta wote uliokibeba.

Sababu ya umaarufu wake ni swali la Washirazi. Masimulizi ya miji mingi ya pwani yanawataja waasisi kutoka Shiraz, Uajemi. Waandishi wa zama za ukoloni waliyachukua masimulizi hayo kwa maana ya juu, wakaiona miji ya mawe kuwa kazi ya wahamiaji wa Kiasia katika ardhi ya Waafrika. Kigae chenye Kifarsi, katika pwani ambayo maandishi yake ya kale karibu yote ni ya Kiarabu, kilionekana kuwa muhuri wa hoja hiyo.

Hoja hiyo ina kasoro ya kimantiki inayodhihirika mara tu kigae kinapowekwa sambamba na vishimo. Kigae kilikuwa pambo lililoletwa kutoka nje na kupachikwa katika chokaa ya pwani, kama zilivyoletwa na kupachikwa bakuli za Kichina. Ikiwa kipande kimoja cha Kifarsi kinathibitisha kwamba wajenzi walikuwa Waajemi, basi bakuli nyingi za Kichina zingethibitisha zaidi kwamba walikuwa Wachina. Hakuna mtafiti aliyeutetea msimamo huo wa pili, na kwa sababu hiyo hiyo msimamo wa kwanza hauwezi kusimama juu ya kigae peke yake. Vitu vilivyopachikwa vinaeleza biashara na matakwa ya wenye kaburi. Ukuta uliovipokea ndio unaoeleza ufundi wa wajenzi.

Na ukuta huo una asili yake pwani. Kaburi la nguzo ni umbo linalopatikana kuanzia pwani ya Somalia hadi Tanzania: Malindi, Gedi, Mnarani, Tongoni, Kaole na Kunduchi. Gedi kuna kaburi lenye tarehe sawa na mwaka 1399, linalosaidia kulipanga kundi zima katika wakati wake. Umbo hili halina kielelezo cha moja kwa moja Uajemi wala Uarabuni. Katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga ulionesha mfululizo wa misikiti iliyojengwa juu ya misikiti, kuanzia majengo madogo ya miti ya karne ya 8 hadi msikiti wa mawe. Mfululizo huo ni wa jamii iliyobadilisha jengo lake hatua kwa hatua, bila dalili ya mji mzima kuletwa kutoka ng'ambo. Kwa upande wa lugha, Derek Nurse na Thomas Spear walionesha mwaka 1985 kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, na kwamba maneno yake mengi ya Kiarabu yaliingia baadaye.

Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 umelirudisha swali kwa sura mpya. Mifupa ya watu wa kale kutoka Mtwapa, Manda, Kilwa na mahali pengine kadhaa ilionesha mchanganyiko wa asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kina mama, na asili ya Kiasia, kwa sehemu kubwa ya Kiajemi, hasa kwa upande wa kina baba. Mchanganyiko huo ulianza takribani mwaka 1000. Tongoni haikuwa miongoni mwa mahali palipochunguzwa. Matokeo hayo yanaonesha kwamba masimulizi ya Washirazi hayakuwa hekaya tupu, lakini hayairudishi hoja ya zamani. Nasaba ya baadhi ya wazee wa mji ni swali moja, na asili ya umbo la kaburi, lugha na ufundi wa uashi ni swali jingine. Watu wa ukoo uliochanganyika walijenga majengo ya pwani, kwa mawe ya pwani, kwa umbo la pwani, wakayapamba kwa vitu vya dunia nzima waliyoijua. Kuta za Tongoni zinalingana na picha hiyo kuliko zinavyolingana na ile ya kigae kimoja.

6.0 Ulinganisho: Pisa

Upachikaji wa bakuli katika nyumba za ibada haukuwa wa pwani ya Afrika Mashariki peke yake. Katika Italia, makanisa ya Pisa na vijiji vyake yalipambwa kwa bakuli zilizopachikwa katika kuta za nje, na nyingi kati ya bakuli hizo zilitoka katika nchi za Kiislamu za Mediterania. Kanisa la San Piero a Grado, nje kidogo ya Pisa, ni mfano mashuhuri, kwani lina bakuli hizo nje na picha za ukutani ndani.

Ulinganisho huu unasaidia mambo mawili. Kwanza, unaiimarisha hoja ya sehemu iliyotangulia. Hakuna anayesema kwamba makanisa ya Pisa yalijengwa na Waislamu kwa kuwa yana bakuli zao. Hueleweka mara moja kwamba Pisa ulikuwa mji wa bahari, na kwamba bakuli ni alama ya biashara yake. Mji wa bahari wa Afrika unastahili kusomwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Pili, ulinganisho unaonesha njia tofauti za upotevu. Huko Pisa bakuli za asili ziliondolewa kutoka ukutani, zikahifadhiwa katika jumba la makumbusho la San Matteo katika mji huo huo, na mahali pake ukutani pakajulikana. Bakuli na ukuta wake bado vinaweza kulinganishwa. Katika makanisa mengi ya vijiji vya Uingereza, picha za ukutani zilipakwa chokaa wakati wa mageuzi ya dini ya karne ya 16. Chokaa ilizificha, lakini ikazihifadhi, na nyingi zilifunuliwa tena karne tatu au zaidi baadaye. Tongoni ilipata hasara nzito zaidi. Bakuli zilikwenda bila kumbukumbu ya kaburi zilikotoka, na nakala pekee iliyobaki ni ile iliyochapwa katika chokaa.

7.0 Uhifadhi na Hatari Zilizopo

Katika sheria ya Tanzania, majengo kama ya Tongoni yanalindwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda majengo na vitu vya kale vya kabla ya mwaka 1863. Mwaka 2008 shirika la World Monuments Fund liliiweka Tongoni katika orodha yake ya mahali pa urithi palipo hatarini duniani. Hatari kubwa ni bahari, ambayo inakula ufuo ulio karibu na magofu. Hatari nyingine ni mvua na mizizi inayopasua chokaa, pamoja na kuanguka kwa nguzo ambazo hazina tena lipu ya kuzikinga.

Makala haya yanaongeza hatari moja isiyotajwa mara kwa mara, nayo ni ukarabati wenye nia njema. Fundi anayeuona ukuta wenye matundu huliona tundu kuwa kasoro. Kujaza kishimo kwa chokaa mpya huimarisha ukuta na kuufanya uonekane nadhifu, lakini hufunika alama ya kitako, makovu ya patasi na vipande vilivyobaki. Kazi ya siku moja inaweza kufuta yale ambayo karne tano hazikuyafuta. Ikitumika saruji badala ya chokaa, hasara huwa kubwa zaidi, kwa sababu saruji ni ngumu kuliko tumbawe, huzuia unyevu kutoka, na haitenguliki bila kuvunja ukuta wenyewe.

Kwa sababu hiyo, hatua tatu zinapendekezwa. Ya kwanza ni kupima na kupiga picha kila kishimo kabla ya ukarabati wowote, na kukipa namba inayoonesha kaburi, paneli na nafasi yake. Ya pili ni kutumia chokaa ya pwani peke yake katika ukarabati, na kuziimarisha kingo za kishimo bila kukijaza. Ya tatu ni kuwashirikisha wakazi wa Tongoni kama wenye mahali. Kuzuru makaburi ya wazee, kufukiza ubani na kuomba dua ni desturi ya muda mrefu katika pwani, na kwa wenye desturi hiyo makaburi ya kale hayajawahi kuwa magofu tu. Mlinzi wa kwanza wa kaburi ni yule anayeamini kwamba aliyemo ndani yake bado anastahili heshima.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameichunguza Tongoni kupitia kuta zake. Yameonesha kwamba msikiti na makaburi yake ni uwanja mmoja wa ibada na ukumbusho uliojengwa kwa ufundi wa pwani katika karne ya 14 na 15. Yameonesha pia kwamba bakuli zilizopachikwa ukutani zilikuwa mapambo yaliyokusudiwa, yenye maana za hadhi, kinga na nuru. Kuhusu swali la wajenzi, imedhihirika kwamba kigae cha Kifarsi alichokieleza Burton hakiwezi kulijibu, kwa kuwa ni pambo la kuletwa kama bakuli zilivyokuwa.

Kwa historia ya Mtang'ata, matokeo yake ni haya: mji ambao hati ya kwanza inautaja kwa kuku wake tu unarudishiwa sehemu ya sura yake na chokaa yake wenyewe. Bakuli hazipo, na majina ya waliozitoa hayakuandikwa. Lakini kila mmoja wao aliacha duara moja ukutani, lenye upana, kina na alama ya kitako, mahali alipochagua liwe. Duara hizo zikipimwa na kulindwa, watafiti wajao watakuwa na hati ya kusoma. Zikijazwa kabla ya kupimwa, Tongoni itakuwa imehamwa mara ya pili.